Zaina, Matokeo ya Mwaka wa Tatu Yametoka

Zaina, dada yangu,

Matokeo ya mtihani wa taifa yalitoka juma lililopita, na mpaka leo sijapata wa kumwambia. Watu wa kuongea nao wapo tele. Siku ile chumba cha walimu kilivuma tangu asubuhi, kila mmoja ameinamia simu yake akitafuta jina la mtoto fulani. Lakini wa kuielewa habari hii mpaka mwisho wake ulikuwa wewe. Basi leo, shule ikiwa bado tupu kabla ya kufungua, nimechukua karatasi, nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, kile ambacho mwalimu mpya wa hesabu anaogopa kukikalia, nakuandikia.

Najua ungecheka. Ungesema, "Ee Consolata, na ile Kiswahili yako ya redio, sasa unaandikia mpaka wafu?" Cheka tu. Mimi ni mtoto wa Karagwe, nilirudi Rwanda na sanduku moja na Kiswahili changu, na wewe ndiwe mtu wa kwanza Gisenyi kunicheka nilipoomba maji ya kunywa nikasema "tafadhali". Ulicheka mpaka ukashika ukuta, halafu ukanipa maji, ukaongeza na chai. Hapo nikajua nimepata rafiki.

Nianze na nyumbani. Mama yako mzima. Magoti yanamsumbua, lakini bado anakaanga sambusa pale barazani Majengo, na bado anagombana na vijana wa pikipiki wanaosimama mbele ya mlango wake. Juzi alimmwagia mmoja maji ya kuoshea mchele. Kijana akaomba radhi, akanunua sambusa, yakaisha. Hamida wako amerefuka, amempita bibi yake kimo, na anavaa viatu vyako vyeusi vya kazi. Mara ya kwanza nilipovisikia vikija koridoni niliinua kichwa nikusalimie. Ilinichukua siku nzima kupoa.

Shule nayo ipo. Bati la darasa la mwaka wa tatu wamelibadilisha, sasa mvua ikinyesha tunasikilizana. Mpishi bado anaunguza maharage. Tuna Diregiteri mpya wa kuongoza shule, kijana aliyekulia Uganda, mwenye tai kila siku hata siku ya kufyeka nyasi. Si mtu mbaya. Nakuambia mapema kwa sababu katika habari hii utamkasirikia, kama nilivyomkasirikia mimi, na si haki yake yote.

Siku ya mazishi yako wanaume walikubeba baada ya sala, sisi wanawake tukabaki uani kwa mama yako, Waislamu na Wakristo tumechanganyikana mikekani. Hamida alikuwa amekaa ukutani peke yake, hasemi, halii. Wakaingia wasichana wawili wenye sare za shule, Vestine na Divine. Hawakumuuliza mtu. Vestine akakaa upande wake wa kushoto, Divine wa kulia, vile vile wanavyokaa darasani, wakabaki hivyo mpaka jioni. Shangazi yako mmoja akaniuliza polepole, "Hawa batoto ni ya nani?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo benchi la Hamida. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini niache nieleze hata hivyo, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapo. Shule yetu ni ndogo, ya serikali, ya kutwa. Mtoto akimaliza msingi na alama nzuri anapelekwa bweni, mbali. Wanaobaki ndio wanaokuja kwetu: watoto wa mjini ambao wazazi wao wana duka au cherehani, watoto wa ziwani ambao mama zao wanauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, watoto wa mashambani Cyanzarwe wanaoshuka na vumbi hadi magotini, na wale waliovuka mpaka na Kifaransa chao. Wakifika mwaka wa tatu wakafanya vizuri, wanachukuliwa tena. Ndiyo maana kwenye mikutano ya wilaya, shule zinaposomwa kuanzia ya kwanza, ikifika zamu yetu watu wameshaanza kukusanya mikoba yao. Wewe ulikuwa ukikaa pale umekunja mikono, ukinong'ona, "Basome tu, iko siku."

Na dawa yako ilikuwa benchi. Kila mwanzo wa mwaka ulikuwa ukiwatoa uwanjani, unawasimamisha makundi matatu, wa mjini huku, wa ziwani huku, wa milimani huku, kisha unachukua mmoja kutoka kila kundi na kuwakalisha pamoja. Kwenye hesabu ulikuwa unamwita ubaoni yeyote kati ya watatu, bila kuonya, na alama atakayopata yeye ndiyo alama ya wote. Wazazi wa mjini walikuja juu. Yule fundi cherehani wa karibu na soko alikuambia mtoto wake si punda wa kubebea wenzake. Ukamwuliza shati alilokuwa amevaa alilishona peke yake au kuna aliyefuma kitambaa. Akaondoka amenuna, mtoto akabaki.

Halafu mwaka uleule ukampanga Hamida, mwanao wa pekee, pamoja na Vestine na Divine. Vestine wa Cyanzarwe, ambaye siku za soko anabeba vitunguu na mama yake asubuhi kabla ya kuja, na anaingia darasani masomo mawili yamepita. Divine ambaye alfajiri anachambua sambaza ufukweni na ikifika saa nne analala mezani mdomo wazi. Nilikuambia siku ile, "Zaina, huyu ni mtoto wako." Ukanijibu, "Donc? Kwa hiyo wale wengine ni ya mbuzi?"

Sasa nisikilize vizuri. Ulipokuwa hospitalini, presha imekuangusha na mdomo umeanza kwenda upande, ulinishika mkono ukaniambia, "Consolata, Hamida afike kule kwa masista. Afanye hesabu. Mi sitaki amalizie hapa." Nikaitikia. Ningeitikia nini kingine? Mama yako alikuwa kwenye kiti cha pembeni, akanung'unika, "Kwa masista, na sisi ni Waislamu," ukamwambia hata Mungu anajua ile maabara yao iko muzuri. Tulicheka sote watatu. Ndicho kicheko chako cha mwisho nilichokisikia.

Kwa hiyo ulinipa mambo mawili yanayogombana, ukaenda zako. Mtoto afike bweni la masista, ambako wanachukua waliong'ara tu. Na mtoto huyo huyo umemwacha katikati ya mmoja anayechelewa na mmoja anayesinzia. Nilikukasirikia, Zaina. Ndiyo, wewe, ukiwa umelala kaburini na udongo haujakauka.

Diregiteri alipokuja aliangalia alama zetu, akaita kikao. Alitueleza kwa upole kwamba wilaya wamechoka na shule hii, na njia anayoijua ni moja: mwaka wa tatu ugawanywe. Wenye alama za juu wakae chumba kimoja na walimu wenye uzoefu, wapate masomo ya ziada jioni. Wengine wakae chumba cha pili. Wazazi wa mjini walipiga makofi kwenye mkutano. Fundi cherehani alisimama kabisa. Hamida alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa, alama zake zote za darasani nzuri, na za hesabu ndizo nzuri kuliko zote. Vestine na Divine walibaki chumba cha pili kwa sababu ya masomo mengine.

Mimi nilishukuru moyoni. Nikasema, haya, njia ya kwa masista imefunguka yenyewe, wala sikulazimika kuvunja benchi la Zaina kwa mkono wangu.

Hamida alikaa chumba kipya siku moja. Siku ya pili nikamkuta amerudi chumba cha pili, katikati ya wale wawili. Diregiteri akamrudisha. Baada ya chakula cha mchana akawa amerudi tena. Hakujibizana na mtu, alikuwa anabeba mfuko wake tu na kuhama. Diregiteri akaniita mimi, kwa kuwa wote wanajua mtoto huyo ananiita tantine, yaani shangazi, akasema, "Madamu, ongea na binti yako." Nikaenda Majengo.

Mama yako aliniunga mkono. Alikuwa anageuza sambusa, akasema bila kuniangalia, "We mwalimu, mutoe kule. Mama yake hayuko tena wa kumufundisha nyumbani. Ile mambo ya benchi ilikuwa ya Zaina, na Zaina amekwenda." Hamida alikuwa anakatakata vitunguu. Nilimweleza yote, masista, maabara, ahadi ya hospitalini. Nililia hata, aibu tupu. Akaniambia, "Tantine, niache tu pale." Hilo tu. Nikamwuliza kwa nini. Akaendelea kukata vitunguu, na machozi ya vitunguu hayana cha kumwambia mtu.

Nilirudi nikakubali kwamba umemzaa mbishi kama wewe. Kisha, polepole, nikaanza kujivuna. Nilimwambia kila mtu katika chumba cha walimu kwamba mtoto wa Zaina amekataa nafasi nzuri ili awabebe wenzake. Hata Diregiteri aliguswa, akaacha kumhamisha. Niliona kama nimekuona wewe umerudi.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Unajua majaribio yetu, kila mmoja na meza yake, hakuna benchi. Mimi ndiye niliyesimamia karatasi ya hesabu. Nilipita mara moja, Hamida ameandika jina lake. Nikapita tena, jina lake lile lile. Kalamu ilikuwa mezani imefunikwa kifuniko chake. Alikuwa anaangalia ukuta, mikono mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri gari. Nilitaka kusimama hapo. Nikaendelea kutembea kwa sababu nilikuwa msimamizi.

Baadaye nilimkuta Vestine kwenye bomba karibu na jikoni anaosha miguu. Nilimwuliza. Vestine unamkumbuka, anaongea na ardhi, lakini siku hiyo aliniangalia. "Mwalimu," akasema, "Hamida hesabu hafanyake tena. Tangu mama yake amekufa. Akifungua tu anasikia mama yake anaongea, anaanza kutetemeka. Donc tulipatana. Benchi ikiitwa, mi ndiye naenda."

Nilimwuliza inawezekanaje. Ndipo nikaelewa. Kijana wetu, yule mwalimu mpya wa hesabu, aliendeleza desturi yako kwa sababu watoto walimdai, ila aliilegeza. Wewe ulikuwa unachagua wa kusimama. Yeye anaita benchi, wao wenyewe wanaamua nani aende. Na tangu ufe, Zaina, kila benchi lao lilipoitwa, aliyesimama ni Vestine. Siku za soko alikuwa anapita kwa Divine jioni ili asikie walichofundishwa asubuhi, kwa sababu anajua kesho lazima asimame. Divine alikuwa anaandika kila kitu huku amejitia maji ya baridi usoni ili asilale. Hizo alama nzuri za Hamida, zilizomfanya achaguliwe, zilikuwa za mtoto wa vitunguu.

Mimi nilikuwa nimeeneza habari kwamba mtoto wako anawabeba wenzake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amebebwa, na wale wawili hawakumtaja kwa mtu mpaka nilipouliza. Na alikuwa amekataa chumba kile kingine kwa sababu kule angeitwa ubaoni peke yake.

Nilikaa kwenye ngazi ya jiko, nikakulilia upya. Hapo ndipo nilipokulilia sawasawa, maana mazishini nilikuwa na kazi ya kupanga viti. Mpishi akaniletea chai bila kuniuliza.

Diregiteri alipoona karatasi ile aliigeuza mara mbili, akaiweka mezani. Uamuzi wake ulikuwa wa mtu anayejua mahesabu ya wilaya. Vestine apandishwe chumba cha kwanza haraka, amebaki na muda mdogo lakini anaweza kuipa shule jina. Hamida aachwe apumzike, hata kama ni kurudia mwaka. "Shule hii inahitaji alama, Madamu," aliniambia. "Machozi tunayo ya kutosha." Nilimwambia watatu wasitenganishwe mpaka mtihani. Akaniuliza kama niko tayari kumwangusha Vestine kwa ajili ya mtoto wa rafiki yangu. Swali hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki. Nikamwambia amwulize Vestine mwenyewe.

Aliitwa. Alisimama ofisini miguu imepishana, akijikuna mkono. Diregiteri akamweleza kila kitu. Vestine akasema, "Mi nimejua hesabu kwa sababu yake. Nikienda kule sitajua nasimamia nani." Diregiteri akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoa ruhusa: watatu wabaki pamoja, na masomo ya jioni waje wote watatu. "Lakini ikiharibika," akaniambia, "utasimama wewe mbele ya wazazi."

Nilitamani nikuambie kwamba nilifanya jambo kubwa. Sikufanya kitu. Walifanya wao. Kila siku baada ya chakula walikaa nyuma ya jiko, swali moja tu. Mwanzoni Hamida alikuwa anaandika mstari wa kwanza tu, kisha anampa Divine kalamu, Divine mstari wa pili, na Vestine anamalizia. Hamida akitetemeka, wanafunga, wanapiga soga. Baadaye akawa anaandika mistari miwili. Siku moja nilipita nikawasikia wanazozana, sauti juu, Hamida anamwambia Divine, "Sha, umepoteza alama ya kutoa, unaenda wapi?" Nilisimama nyuma ya ukuta nikaziba mdomo. Lilikuwa zogo la hesabu, lile la kwako, la kumfanya mtu ajione mjinga na apende kuwa hapo.

Mtihani wa taifa walienda kuufanyia shule ya jirani, wakiwa wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Sikuwakataza.

Na sasa matokeo.

Shule imepanda kidogo. Si sana. Bado wilayani watatusoma wakati watu wanavaa makoti, lakini angalau hawajafika mlangoni. Diregiteri amefurahi, amevaa tai mpya. Divine amefaulu, anabaki kwetu. Hamida amefaulu. Hesabu amepata, si kwa kishindo, amepata ya kumvusha tu. Lugha amefanya vizuri sana. Naye amepangiwa hapa kwetu, mwaka wa nne, kutwa.

Aliyepangiwa kwa masista ni Vestine.

Nimeandika sentensi hiyo na nikasimama kwenda kuangalia dirishani. Nilipolisoma jina la shule ile kwenye simu, mbele ya jina lake, furaha ilinijia kwanza, nakuapia, ilinijia kwanza. Halafu likaja lingine, la uchungu, kwamba kitanda kile kilikuwa cha mtoto wako na mimi niliitikia kwa mdomo wangu. Nilimwonea wivu mtoto wa vitunguu, Zaina. Mtu mzima mimi, mwalimu. Nilijifungia chooni mpaka mwalimu wa bayolojia akagonga.

Kwa mama yako niliogopa kwenda. Nilipofika alikuwa ameshajua, Majengo hakuna siri. Alikuwa ameketi chumbani kwako, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, ametoa lile sanduku lako la bati la shuleni, analipangusa kwa kitenge. Nilidhani analilia. Akaniambia, "Yule mutoto wa Cyanzarwe atabeba vitu ndani ya nini? Ya gunia? Kwa masista?" Basi. Akatia ndani mashuka mawili, sabuni, na sambusa ambazo nilimwambia hazitafika salama. Akaniambia nisimfundishe sambusa.

Leo asubuhi tumemsindikiza Vestine stendi. Mama yake alishuka na mtoto mgongoni, amevaa kitenge cha kanisani, hakuacha kushukuru mpaka akawa anamshukuru na kondakta. Divine alileta pakiti ya sambaza zilizokaangwa. Hamida ndiye aliyebeba sanduku kichwani, akalipandisha, akampangia Vestine kiti cha dirishani, akamfunga vizuri kitambaa. Vestine alikuwa analia waziwazi. Hamida akamwambia, "We sasa, huko utasimama ubaoni peke yako. Usituaibishe." Gari likaondoka.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, kwa njia ya ziwani. Akaniuliza bila kunitazama, "Tantine, Mama angekasirika?"

Nilitaka kumpa jibu zuri, lile la kufariji watoto. Nikaona hastahili kudanganywa. Nikamwambia, "Mama yako angempigia Vestine vigelegele mpaka stendi yote igeuke. Halafu angeenda nyumbani, angefunga mlango wa chumba, angekulilia wewe mpaka magharibi." Akasema, "Bon. Basi ni sawa." Na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu ulipokufa, tukakaa kwenye jiwe pale ufukweni mpaka ikaisha. Sikumwambia anyamaze. Watoto waliokuwa wanaogelea walituangalia, wakaona ni mambo ya watu wazima, wakaendelea.

Zaina, uliloniomba sikulitimiza. Sitaki kulipamba. Mtoto hakufika kwa masista, atamalizia hapa hapa ambapo hukutaka amalizie. Lakini kwenye kuchagua masomo ya mwaka wa nne amechagua hesabu na sayansi, badala ya lugha ambazo zingemrahisishia. Hakuniomba ushauri.

Nakuahidi hili, na safari hii nimepima kabla ya kuitikia. Miaka mitatu iliyobaki nitamwangalia kama wangu, na ubaoni sitamwonea huruma. Nimemwambia kijana wa hesabu arudishe sheria yako ilivyokuwa: mwalimu ndiye anayechagua wa kusimama. Amekubali, japo kwa uso wa kuogopa.

Kesho tunafungua. Benchi lao lina nafasi moja, na kwa kawaida ningepanga mimi. Ila Hamida ameshaniambia anamtaka nani. Ni yule msichana aliyevuka mpaka mwaka jana, anayekaa nyuma kabisa, Kiingereza hajui, Kinyarwanda ndiyo kwanza anajifunza, na hesabu tusiseme. Nikamwambia, Hamida, mwanangu, mwaka wa nne si mchezo, mchukue mtu wa kukusaidia. Akanikata jicho.

"Tantine," akasema, "na mimi walinichukua nikiwa nani?"

Pumzika, dada. Nimeliandika jina la msichana yule.

Wako,
Consolata